Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Kwanza ya Uuguzi kwa Mke wa Askari

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salamu. Mimi ni Mkenya niliyeolewa na askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani, na tunaishi El Paso, Texas, karibu na kambi ya Fort Bliss. Mwezi Mei ninamaliza stashahada ya uuguzi, kisha nitafanya mtihani wa leseni. Mume wangu amepata amri ya uhamisho kwenda Fort Drum, jimbo la New York, na tunatakiwa kuwa kule ifikapo Agosti. Hospitali nilizoziandikia hapa ama hazijibu ama zinauliza kama nitakaa miaka 2. Baadhi ya wake wa askari walionitangulia wananiambia nihame kwanza ndipo nishughulikie leseni. Wengine wananiambia nichukue kazi yoyote, hata ya uuguzi msaidizi. Nianzie wapi? Tena, nimweleze mwajiri kwamba mume wangu ni askari, au ninyamaze? (Msomaji, El Paso)

JIBU: Dada, hongera kwa kukaribia kuhitimu. Ushauri wa kwanza uliopewa, wa kuhama ndipo ushughulikie leseni, usiufuate, kwa sababu utakupotezea miezi ambayo hukulazimika kuipoteza.

Mtihani wa leseni ya uuguzi, uitwao NCLEX-RN, ni mmoja kwa majimbo yote na unaweza kuufanyia katika kituo chochote kilichoidhinishwa, lakini leseni yenyewe hutolewa na jimbo. Texas imo katika Mkataba wa Leseni za Wauguzi, unaojulikana kwa ufupi kama NLC, ambao humwezesha muuguzi mwenye leseni ya mkataba kufanya kazi katika majimbo mengine yote wanachama bila kuomba leseni nyingine. Ikiwa ukazi wako wa kisheria ni Texas, jambo linaloweza kuthibitishwa kwa leseni ya udereva au fomu za kodi, omba leseni ya Texas na ufanye mtihani mara tu chuo kitakapopeleka uthibitisho wa kuhitimu kwako. New York haimo katika mkataba huo, kama zisivyokuwamo California, Hawaii na Alaska, ambako pia kuna kambi kubwa za jeshi. Kwa hiyo utahitaji leseni ya New York pia, lakini utaiomba kwa kuidhinishiwa leseni uliyo nayo, bila kurudia mtihani. Na amri ya uhamisho itakayofuata ikiwapeleka Georgia, Kentucky au Colorado, leseni ya Texas inaweza kuwafaa tena, mradi ukazi wako wa kisheria uwe umebaki Texas. Swali hilo la ukazi waulize bodi ya uuguzi ya Texas, inayotoa leseni, kabla hamjaondoka.

Katika New York maombi hayapelekwi kwenye idara ya afya bali Idara ya Elimu ya jimbo, jambo linalowashangaza wageni wengi. Utatakiwa kuonyesha kwamba umesoma kozi ya kuzuia maambukizi na ile ya kutambua na kuripoti unyanyasaji wa watoto. Zote mbili husomwa kwa intaneti, na hakuna sababu ya kuzingoja hadi Agosti. Ipo pia sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Januari 2023, inayoyataka majimbo kutambua leseni za askari na wenza wao wanaohama kwa amri ya jeshi, kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba leseni haina doa. Ambatisha nakala ya amri ya uhamisho na cheti cha ndoa kwenye kila ombi. Risiti za ada zote zitunze, kwa kuwa jeshi hurudisha hadi dola 1,000 za gharama za kupata leseni ya jimbo jipya baada ya uhamisho, na asiye na risiti hana la kudai.

Sasa kazi. Fort Drum ina hali yake ya pekee: ni makao ya divisheni nzima, lakini haina hospitali ya kulaza wagonjwa. Ndani ya kambi kuna kliniki tu, na familia za askari hulazwa na kujifungulia katika hospitali za kiraia za Watertown na miji jirani. Hili lina faida kwako kwa njia mbili. Kwanza, nafasi za wauguzi wapya utazitafuta zaidi nje ya kambi kuliko ndani yake, maana kliniki huhitaji wachache na mara nyingi hutaka waliokwisha kufanya kazi wodini. Pili, waajiri wa huko wamezoea wake wa askari, wakiwa wauguzi na wakiwa wagonjwa, kwa hiyo neno jeshi halitawashtua kama linavyoweza kumshtua mwajiri wa mji usio na kambi.

Anza kuwaandikia sasa, ukisema wazi katika barua kwamba unahamia Agosti, kwamba mtihani umepangwa, na kwamba utaomba leseni ya New York mara tu ya Texas itakapotoka. Wasifu wenye anwani ya El Paso usiofafanua lolote huwekwa kando upesi. Hilo linajibu nusu ya swali lako la pili. Sheria haikulazimishi kutaja kazi ya mumeo, lakini katika safari hii kunyamaza hakukusaidii, kwa kuwa msomaji yeyote wa barua yako atajiuliza kwa nini mtu atoke Texas aende kaskazini mwa New York. Liseme mwenyewe kwa sentensi moja, usiombe radhi kwa ajili yake, kisha urudi kwenye uuguzi. Ukiulizwa utakaa muda gani, taja muda ambao familia yenu inatarajia kuwa hapo, wala usiahidi zaidi. Hapo El Paso, ambako mnaondoka baada ya miezi michache, swali la miaka 2 lilikuwa la haki na jibu lako halikuweza kuwaridhisha. Acha kuhangaika na hospitali za El Paso.

Katika kuchagua, naomba uweke jambo moja mbele ya mshahara, mbele ya umbali na mbele ya aina ya wodi unayoipenda: programu ya mwaka mmoja ya kuwalea wauguzi wapya. Hospitali nyingi za Marekani zinayo. Ndani yake mhitimu hupangiwa muuguzi mkufunzi anayefanya naye zamu, huongezewa wagonjwa kidogo kidogo, na hukutana na wahitimu wenzake kwa masomo ya kila mwezi. Kwa mke wa askari mwaka huo una uzito kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu matangazo mengi ya kazi yanadai angalau mwaka 1 wa kazi wodini, na wewe utayakabili matangazo hayo kila mtakapohamishwa. Leseni itakuruhusu kuomba kazi, lakini mwaka uliokamilika ndio utakaofanya upigiwe simu. Ningekubali wodi ya wagonjwa wa kawaida wa tiba na upasuaji yenye mafunzo mazuri kuliko chumba cha wagonjwa mahututi ambako mgeni huachwa peke yake baada ya wiki chache. Katika usaili uliza mafunzo huchukua wiki ngapi, muuguzi mmoja huhudumia wagonjwa wangapi usiku, na kama mkufunzi ni mmoja au hubadilika kila zamu. Ukikosa Watertown, hospitali kubwa zaidi ziko Syracuse, kiasi cha kilomita 110 kusini, lakini theluji inayoletwa na Ziwa Ontario si ya mzaha, na sikushauri uendeshe gari umbali huo baada ya zamu ya saa 12.

Kabla ya kutia saini, soma kifungu cha muda. Baadhi ya hospitali hutoa bonasi ya kujiunga au hudai miaka 2 ya utumishi, na anayeondoka mapema hulipishwa. Omba iandikwe ndani ya mkataba kwamba amri ya uhamisho wa kijeshi itakuondolea deni hilo. Ahadi ya mdomo ya meneja haitoshi, kwani meneja naye huhama.

Kuhusu kazi ya uuguzi msaidizi, ukiwa mwanafunzi ni jambo jema. Ukishapata leseni usiichukue, kwa maana haitahesabiwa kama uzoefu wa muuguzi, na endapo mgonjwa atadhurika utapimwa kwa kiwango cha leseni uliyo nayo, si cha sare uliyovaa.

Mwisho kwako, sheria ya New York ya 2017 inawataka wauguzi wanaopata leseni huko wakiwa na stashahada wafikie shahada ndani ya miaka 10. Msaada wa MyCAA, ambao huwapa wenza wa askari wa vyeo vya chini hadi dola 4,000, hulipia stashahada, vyeti na leseni lakini si shahada. Utumie sasa kwa mtihani na leseni. Ada ya shahada umwulize mwajiri, kwani hospitali nyingi hurudisha sehemu yake.

SWALI: Mume wangu ni baharia wa jeshi la wanamaji, raia wa Marekani, na tunahamia Yokosuka, Japani. Nimepata leseni ya uuguzi Virginia lakini sijawahi kuajiriwa, nami nina kadi ya kijani tu. Naambiwa wenza wa askari hupewa kipaumbele katika hospitali za jeshi. Je, ni kweli? (Msomaji, Norfolk)

JIBU: Ni kweli, lakini kipaumbele hicho hutumika ukishahesabiwa miongoni mwa waombaji waliofaa zaidi, hakiwi badala ya uzoefu. Leseni yako si kikwazo, kwa kuwa vituo vya serikali ya shirikisho hupokea leseni ya jimbo lolote. Kikwazo chako ni uraia, kwani ajira za shirikisho kwa kawaida ni za raia. Sheria ya uhamiaji, kifungu cha 319(b), humruhusu mwenza wa raia aliyepangiwa kazi ng'ambo, askari wakiwamo, kuomba uraia bila kutimiza miaka 3 ya ukazi inayodaiwa wengine. Peleka fomu N-400, ya kuomba uraia, pamoja na amri ya uhamisho kabla hamjaondoka, na muone ofisi ya sheria ya kambi, ambayo huwasaidia bila malipo.

Usitegemee hospitali za Kijapani nje ya kambi, kwani utahitaji leseni ya Japani na lugha yake. Mkiwa na muda kabla ya safari, mwaka mmoja wa kazi Norfolk, hata ukimaanisha mumeo atangulie, ungekufaa sana. Najua si neno jepesi kwa familia, na uamuzi ni wenu. Mkiondoka pamoja, waulize Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao hupokea wauguzi wenye leseni kujitolea katika hospitali za jeshi. Hakuna mshahara, lakini utabaki karibu na wagonjwa na utapata wasimamizi wa kukuandikia barua za utambulisho.

SWALI: Nilihitimu miaka 3 iliyopita, nikahamishwa mara mbili na kuzaa. Leseni iko hai lakini programu za wauguzi wapya zinanikataa. (Msomaji, Georgia)

JIBU: Nyingi hupokea waliohitimu ndani ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo usiendelee kugonga mlango huo. Soma kozi ya kurejea uuguzi yenye saa za kazi na wagonjwa, fanya upya cheti cha BLS (cha huduma za msingi za kuokoa maisha), kisha omba katika vituo vya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo na nyumba za wazee, ambavyo mara nyingi huwafundisha wenyewe wanaowaajiri. Pengo katika wasifu lifafanue kwa mstari mmoja: uhamisho wa kijeshi na malezi, pamoja na miaka yake.