Mshale unaogeuka gari likiwa limesimama

SWALI: Salaam Fundi. Naendesha gari la kupima barabara. Juu ya paa pana antena ya setilaiti, na chini ya kiti kisanduku chenye jairo, kile kifaa cha kuhisi gari likigeuka. Nikikaa nusu saa kwenye foleni ya feri, mshale wa skrini hugeuka polepole mpaka waonyesha naelekea baharini. Nikishavuka na kukata kona mbili tatu, unatulia wenyewe. Nikirudishe dukani? – Msomaji, Likoni

JIBU: Usikirudishe, ndugu yangu. Kisanduku ni kizima, kimekosa mwendo tu.

Setilaiti hukwambia uko wapi na wakwenda kasi gani. Pua ya gari imeelekea wapi, kwa antena moja, haijui ukiwa umesimama. Kazi hiyo huachiwa jairo, na jairo za bei nafuu hupotoka kidogo kidogo hata gari likiwa limelala. Kosa la digrii moja tu, ukienda kilomita moja bila setilaiti, lakutoa kando kama mita 17: uko barabarani, ramani yakuweka kwenye meza ya muuza mahamri.

Kona yatibu vipi? Ukikata kushoto, kisanduku huhisi gari likivutwa kushoto. Papo hapo setilaiti huona kasi imeongezeka kuelekea, tuseme, magharibi. Programu yaunganisha: kushoto kwangu ni magharibi, basi pua iko kaskazini. Breki na kukanyaga mafuta husaidia vivyo hivyo. Kwa njia hii, mwendo wa kasi ileile kwenye barabara iliyonyooka haufunzi sana.

Feri nayo ina hila yake. Programu za magari huamini kwamba gari haliendi ubavu. Sasa mkondo wa Kilindini ukiisukuma feri, yote huenda mshazari kama kaa, na magurudumu yako hayazunguki hata kidogo! Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipoteza kazi ya siku nzima: kwenye kompyuta, gari langu lilipanda kutoka kivukoni kuingia mjini kinyumenyume.

Kwa hivyo ukiwa ndani ya feri, zima ule mpangilio wa gari kwenye programu, au data ya pale itupe. Ukishuka, tafuta uwanja, zunguka mfano wa nane, funga breki mara mbili tatu, ndipo uanze kupima. Ukiwa na pesa, nunua kipokezi cha antena mbili, ambacho hujua mwelekeo hata ukiwa umesimama.

Tena chukua tepu upime umbali kutoka antena hadi kisanduku, uuingize kwenye programu. Wengi huuandika kwa kukisia, halafu wakifika kwenye kona wanalaumu setilaiti.