Mjomba na Runinga: Mbona Nahodha amesahau yote?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Natazama Star Trek: The Next Generation, ile tamthilia ya chombo cha anga iliyoanza 1987. Msimu wa 5 kuna sehemu iitwayo "The Inner Light". Nahodha Picard anazimia dakika 25 tu, kumbe akilini anaishi maisha mazima kwenye sayari nyingine: ana mke, analea watoto, anajifunza filimbi, anazeeka. Nililia. Nikafungua sehemu inayofuata mbio mbio, na hakuna hata neno moja juu ya yale! Waandishi walikuwa wavivu? Rafiki yangu anasema niachane nayo, nitazame za siku hizi zenye kisa kimoja mwanzo hadi mwisho.

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa machozi. Sehemu hiyo inayofuata inahusu kichwa cha Data, yule roboti wa chomboni, kilichofukuliwa chini ya San Francisco, na ndiyo hiyo iliyoishia na "itaendelea"! Maisha mazima ya mtu yamefungwa kwa saa moja, kichwa cha roboti kinasubiriwa hadi msimu mpya. Mimi pia nilinuna.

Lakini si uvivu, ni biashara. Tamthilia ile haikuwa ya kituo kimoja. Iliuzwa kwa vituo vingi vya Marekani, na marudio yakachezwa siku baada ya siku. Aliyekosa ya Jumatatu ilibidi aielewe ya Jumanne bila kuuliza jirani. Kwa hiyo chombo kilitoka kizima, kikarudi kizima, mara 178.

Na kule kukifunga kila kisa ndani ya sehemu moja kuliwafaa waandishi. Kwa kuwa wiki ijayo haikuwadai kitu, waliweza kumzeesha nahodha, kumzika mkewe, kuimaliza dunia nzima ya watu, yote kabla ya majina ya mwisho kupita. Tamthilia za mfululizo haziwezi ubadhirifu huo, zinabana matumizi. Ipo moja niliyoimaliza juzi, na ukiniuliza sehemu ya 4 ilihusu nini nitakodoa macho. Walitembea kwenye korido, nadhani. Sinema ya saa mbili ikavutwa ikawa saa kumi.

Kwa hiyo huyo rafiki yako msikilize nusu. Kuhusu filimbi: fika msimu wa 6, sehemu ya "Lessons", ya 1993. Simalizi uhondo.

SWALI: Mjomba, naweza kuruka msimu wa 1 wa Babylon 5, ile tamthilia ya kituo cha anga? Unachosha.

JIBU: Unachosha kweli, lakini usiuruke. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, alipanga kisa cha miaka mitano kabla ya kuanza, na kati ya sehemu 110 aliandika 92 mwenyewe. Katika "Babylon Squared", ya 1994, kuna mambo yanayoonekana hayana kichwa wala miguu; majibu yake utayapata msimu wa 3. Ila mpango wa miaka mitano nao una gharama yake. Mhusika mkuu wa msimu wa 1 aliondoka, ikabidi kisa kipindwe. Kisha msimu wa 4 wakadhani wanafutwa, wakazimaliza vita kwa haraka, na hata sehemu ya kuagana wakairekodi kabisa. Msimu wa 5 ukapatikana, kwaheri ikawekwa kabatini hadi 1998. Ukiona msimu wa 5 unaanza kwa kusuasua, sababu ndiyo hiyo.