Maswali ya Wasomaji: Bahari Yetu Imepatwa na Nini?

Miongoni mwa barua tulizopokea, nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mbona maumbile yamebadilika? Tumechagua tatu. Walioziandika wanaishi mbali mbali, lakini majibu yao yanakutana katika maji yaleyale ya Bahari ya Hindi.

SWALI: Tangu utotoni niliambiwa kwamba vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji, na kwamba huku kwetu havifiki. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika. Mnazi alioupanda babu yangu uling'oka mzima mzima, mizizi yake ikabaki imekumbatia donge la mchanga lenye upana wa kitanda. Wazee wanasema hizi ni dalili za kiama, vijana wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Tumwamini nani? Na kwa nini balaa kama hili lipewe jina zuri la Hidaya? (Msomaji, Kilindoni, Mafia)

JIBU: Pole sana, ndugu yetu, kwani mnazi wa babu si nazi tu. Tuanze na jina. Nchi za kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huandaa orodha ya majina kabla ya msimu kuanza, na majina hayo hutumika kwa mfuatano wa alfabeti. Baada ya Gamane kikaja Hidaya, na kabla mwezi huohuo haujaisha kikaja Ialy, ambacho kilipita baharini upande wa Kenya na Somalia. Aliyeiweka Hidaya katika orodha hakujua jina hilo lingeangukia kimbunga kipi.

Saa ya kiama anaijua Mwenyezi Mungu peke yake, na safu hii haina la kuongeza hapo. Tunaloweza kusema ni kwamba kimbunga si kigeni kabisa katika mwambao wetu. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikazamisha meli za Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu hadi leo. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Tazama miezi hiyo: ni Aprili na Mei, wakati ambapo kaskazi imekwisha, kusi haijashika sawasawa, na maji bado yana joto la miezi iliyopita.

Wazee waliokuambia kwamba vimbunga ni vya kusini zaidi hawakukosea, kwa sababu vinavyotufikia ni vichache mno. Kimbunga huhitaji mambo mawili makubwa. La kwanza ni maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 za selsiasi au zaidi, ambayo hupandisha mvuke mwingi angani, na mvuke huo unapogeuka kuwa mawingu hutoa joto linalozidi kuuchochea upepo. La pili ni mzunguko wa dunia yenyewe, ambao hupinda njia ya upepo na kuufanya uzunguke kama pia. Karibu na ikweta mpindo huo ni dhaifu sana, na ndiyo maana hata maji yakiwa ya moto kiasi gani, upepo hukosa cha kuuzungusha. Mafia iko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta, yaani ukingoni mwa eneo hilo la salama.

Kinachotutia wasiwasi ni hilo jambo la kwanza. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na hewa ya ukaa na gesi nyingine tunazozimwaga angani huishia baharini, na Bahari ya Hindi ni miongoni mwa bahari zinazopata joto kwa kasi. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, watu wa Mtwara wakaambiwa wahame mapema. Mwaka 2021 Jobo kilielekea Dar es Salaam lakini kikafa nguvu kabla ya kufika. Mwaka 2024 ikawa Hidaya. Kimbunga kimoja peke yake si ushahidi wa kutosha, na kijana atakayedai kwamba kila kimbunga kimeletwa na viwanda atakanushwa na mwaka 1872. Hata hivyo, wanasayansi wanakubaliana kwamba maji yenye joto zaidi huvipa vimbunga vikali nguvu zaidi, na kwamba hewa yenye joto hubeba mvua nyingi zaidi. Kwa hiyo wazee wako wanasema kweli kuhusu zamani, na vijana wako wanasema kweli kuhusu hatari inayoongezeka. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kabla Hidaya hakijafika, na boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Watu wa 1872 hawakuwa na wa kuwaonya.

SWALI: Ninaishi Salalah, na dada yangu ameolewa Isiolo, Kenya. Mwaka 2018 mvua ya ajabu ilitunyeshea huku, mabonde makavu yakawa mito. Mwanzoni mwa 2020 dada alinipigia simu akilia kwamba nzige wameifunika mbingu na mtama wote umekwisha. Mume wake anasema nzige hao walitoka huku kwetu. Je, ni kweli? (Msomaji, Salalah, Oman)

JIBU: Shemeji yako amesema kweli kwa sehemu kubwa, ingawa hakuna mtu wa Salalah wa kulaumiwa. Mvua uliyoiona ni ya kimbunga Mekunu cha Mei 2018. Kilipoingia nchi kavu kiliimwagia maji Rub' al Khali, lile jangwa kubwa ambalo huweza kukaa miaka bila mvua ya maana, na maziwa yakatokea katikati ya vilima vya mchanga. Oktoba mwaka huohuo kimbunga Luban kikaongeza mvua nyingine.

Nzige wa jangwani hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu. Mvua ikikosekana huishi mmoja mmoja, ana rangi ya mchanga, na hana madhara. Majani yakichipua na tunutu, yaani nzige wachanga wasioruka bado, wakawa wengi, wakagusana miguu wakigombea malisho, mwili wao hubadilika: rangi hugeuka, tabia hugeuka, na wale waliokuwa wakikimbiana huanza kufuatana. Katika muda wa miezi mitatu wanaweza kuongezeka mara 20. Fanya hesabu mwenyewe: baada ya miezi sita ni mara 400, na baada ya tisa ni mara 8,000. Jangwani humo hakukuwa na mtu wa kuwaona, na walipovuka kuingia Yemen walikuta nchi iliyo vitani, ambako kazi ya kuwadhibiti haikuwezekana ipasavyo.

Mwaka 2019 walivuka bahari hadi Somalia na Ethiopia. Hapo jambo jingine likawasaidia. Vuli ya mwaka huo, maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko kawaida, huku ya upande wa Sumatra yakiwa ya baridi. Hali hiyo hujirudia tangu zamani, lakini ile ya 2019 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa. Iliimwagia Afrika Mashariki mafuriko, na wakati huohuo ikaikausha Australia, ambako misitu iliungua. Desemba nzige wakaingia Kenya, ambayo haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa miaka 70, na Februari 2020 wakafika Uganda na hata Kongo, ambako hawakuwa wameonekana tangu 1944. Kundi linalofunika kilomita moja ya mraba, ambalo ni dogo kwa makundi yaliyoonekana mwaka ule, hula kwa siku chakula cha kuwatosha watu 35,000. Dada yako alilia kwa haki.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Pemba. Masika ya 2024 nilipiga mbizi nikakuta matumbawe yamekuwa meupe pe, kama mifupa. Wenzangu walisema kuna meli imemwaga sumu. Sasa mengine yamerudisha rangi, na mengine yamefunikwa na ukoka wa kijani. Haya yaliyofunikwa yatapona? (Msomaji, Mkoani, Pemba)

JIBU: Hapakuhitajika meli wala sumu, bali joto. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wanaoishi na vijimea vidogo zaidi ndani ya miili yao, na vijimea hivyo ndivyo vinavyowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, mnyama huvitoa vijimea hivyo, na wewe unaona mfupa kupitia ngozi yake. Mwezi Aprili mwaka huo wataalamu walitangaza kwamba matumbawe yanapauka katika bahari zote kuu duniani, pamoja na pwani za Tanzania na Kenya. Wazee wa Pemba watakumbuka jinsi matumbawe yalivyopauka vilevile katika kisiwa kidogo cha Misali mwaka 1998.

Tumbawe jeupe bado li hai, nalo hupona maji yakipoa mapema. Yaliyofunikwa na ukoka yamekufa, ndugu yetu, na hayatarudi. Mahali pake linaweza kuota jingine, kwa sababu watoto wa matumbawe huelea majini wakitafuta jiwe safi la kushikamana nalo, lakini kazi hiyo huchukua miaka mingi, na penye ukoka hawashiki. Anayewasafishia jiwe kwa kuukwangua ukoka huo ni samaki aitwaye pono. Ukitulia chini ya maji karibu na mwamba ule uliofunikwa, utayasikia meno yake yakikwangua. Hao pono wa mahali pale ndio tunaokuomba uwaache.