Kuwaeleza watu wa samaki, maji na misitu utafiti wako wa AI: jibu refu kutoka Kigoma

Mleta uzi kauliza hivi kwa kifupi. Ana utafiti wake wa akili mnemba (AI), modeli yaani programu iliyofundishwa kutambua samaki kwa picha, kaalikwa aueleze mbele ya watafiti wa uvuvi, maji na misitu hapa Kigoma, na ana hofu mbili: akiingia ndani sana watu watasinzia, akirahisisha wataona kazi yenyewe nyepesi. Wengi humu mmemwambia arahisishe, aondoe hesabu, aweke picha nzuri nzuri. Mimi sikubaliani na ushauri huo na ntaeleza kwa nini.

Mkuu, mimi ni mtu wa data, vikao vya kuchanganya fani hapa mjini nimekaa pande zote, mbele kwenye projekta na nyuma kwenye viti. Kwanza kabisa ujue hao utakaowakuta sio watu wa kupewa hadithi ya "kompyuta inajifunza kama mtoto". Wale ni watafiti, sampuli wanazijua, takwimu wanazijua pengine kukuzidi, tofauti ni kwamba wao hawajawahi kufundisha mtandao wa neva, ile programu ya tabaka nyingi inayojifunza kwa mifano. Ukiwapa hadithi umewadharau, ukiwapa idadi ya tabaka za mtandao na kadi ya grafiki uliyotumia hujawapa kitu. Wanachotaka ni pa kukushikia, yaani waone kazi yako imesimama juu ya nini ili waweze kuipinga kwa ujuzi wao. Kwa hiyo usipunguze uzito wa kazi, badilisha tu sehemu unayoikazia.

Nitoe mfano niliouona kwa macho. Kijana mmoja aliwasilisha modeli ya kutenganisha zile aina mbili za dagaa wa Tanganyika, Stolothrissa na Limnothrissa. Kazi safi, slaidi safi, asilimia ya usahihi iko juu. Kamaliza, mzee mmoja wa uvuvi kanyoosha mkono kauliza, "Mwanangu, hizi picha mlipiga lini?" Kijana katoa mwaka. Mzee kasema hapana, nauliza giza au mbalamwezi? Ukumbi wote ukaamka.

Kwa asiyejua Ziwa Tanganyika, dagaa hapa wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukishakuwa mpevu taa haivuti vizuri na wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo picha zinazopigwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nyingi ni za siku za giza hata kama hukupanga hivyo. Halafu mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, upande wetu na nchi jirani zinazolizunguka, ina maana ukikusanya picha mwaka ule una tundu la miezi mitatu, na ndo miezi ya kiangazi yenyewe, upepo wa kusini mashariki unavuma na maji ya ziwa yanachanganyika. Mtu wa uvuvi akisikia hivo anajiuliza palepale, je modeli hii imewahi kuona samaki wa msimu ule? Wadogo? Wakubwa?

Na kijana majibu alikuwa nayo! Tarehe ya kila picha iko kwenye faili lake, kwenye slaidi hazikuwepo kwa sababu fani yetu imetuzoesha hivyo, kwenye mikutano yetu ya AI data ni jina tu unalitaja sekunde mbili unaenda kwenye matokeo. Kwa wenzetu data ndo utafiti wenyewe. Kwa hiyo mkuu slaidi yako ya kwanza baada ya swali la utafiti iwe hii: picha zimetoka mialo gani, Kibirizi, Katonga au wapi, miezi gani, simu gani au kamera gani, na nani alisema huyu ni samaki fulani, alikuwa mtu mmoja au wawili, na walipotofautiana mlifanyaje. Hapo kwenye kutofautiana pakazie sana. Kama wataalamu wawili wakiangalia samaki yuleyule wanapishana mara nyingi, modeli yako haiwezi kudai inaujua ukweli kuliko wao, na watakuheshimu ukilisema mwenyewe kabla hawajauliza.

La pili ni namna ulivyogawa data ya kufundishia na ya kupimia, hili usiliruke hata kama umepewa dakika kumi tu. Ukipiga picha ishirini za beseni moja la mtumbwi mmoja usiku mmoja, halafu ukazichanganya zote ukagawa kwa bahati nasibu, beseni lilelile litaangukia pande zote mbili, modeli inapimwa kwa kitu ilichokwisha kukiona. Sayash Kapoor na Arvind Narayanan, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton Marekani, mwaka 2023 walionyesha uvujaji wa data, yaani data ya kupimia kupenya kwenye ya kufundishia, wa namna hii na wa namna nyingine umeshaonekana kwenye fani 17, ukagusa pepa 294, kwa hiyo sio tatizo la wanafunzi wa mikoani. Sasa uzuri ni kwamba mtu wa ikolojia hili analielewa haraka kuliko hata watu wetu, kwake ni sampuli moja kuhesabiwa kama sampuli nyingi, kafundishwa tangu mwaka wa kwanza. Mwambie tu "nimegawa kwa usiku na kwa mtumbwi, sio kwa picha", sentensi hiyo moja itakujengea imani kuliko mchoro wa mtandao wako wote.

Asilimia. Jamani tuache kusimama na asilimia moja kubwa. Tuseme kwenye kila samaki 100 kwenye beseni 90 ni dagaa na 10 ni migebuka wachanga, samaki ambao wakikua ni wakubwa kuliko dagaa. Modeli inayosema "dagaa" kila mara bila hata kuangalia picha ina usahihi wa asilimia 90, na haijamuona mgebuka hata mmoja. Yule anayekusikiliza anataka kujua kuhusu hao kumi, maana kazi yake ni kulinda samaki wachanga wasimalizwe. Kwa hiyo weka jedwali linaloonyesha nani kaitwa nani, samaki kwa samaki, useme kwa idadi, kwenye migebuka kumi modeli imewaona wangapi na wangapi imewaita dagaa. Halafu muulize, kosa lipi linakuumiza zaidi, kumkosa mgebuka au kumwita dagaa mgebuka? Akijibu una la kufanya, unaweza kurekebisha kizingiti cha modeli, yaani inajiamini kiasi gani ndo iseme "mgebuka", kulingana na jibu lake. Hapo ndo inageuka kazi yenu wote wawili.

Watu wanadhani wanabiolojia wanakubali AI ikiwa tu rahisi, si kweli. Angalia AlphaFold, ile ya kutabiri umbo la protini. Pepa yake ilitoka kwenye jarida la Nature Julai 2021 na ndani yake hakuna chepesi, lakini kila kipande cha protini kinakuja na alama ya kujiamini kuanzia 0 mpaka 100, bluu iliyokoza ni zaidi ya 90, rangi ya chungwa ni chini ya 50. Mtu wa maabara asiyejua chochote kuhusu mitandao ya neva anaona hapa niamini, hapa nisiguse bila jaribio, na hifadhidata ya maumbo hayo iliwekwa wazi mwezi uleule kila mtu akajaribu protini anayoijua yeye. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper, walioongoza kazi hiyo, wakapata Nobel ya Kemia pamoja na David Baker. Ya kwako haitakuwa kubwa hivyo, ila ile tabia ya kusema kwa kila jibu ninajiamini kiasi gani unaweza kuiweka hata kwenye modeli ndogo ya dagaa, na uiweke.

Mengine kwa haraka. Usanifu wa modeli upe slaidi moja, mwisho, kwa atakayeuliza. Ongea lugha inayoongelewa ukumbini, kama salamu na chai vimeenda kwa Kiswahili usihamie Kiingereza ukifika kwenye matokeo. Makosa ya modeli yaonyeshe kwa picha zenyewe, chagua yanayokusumbua usichague ya kupendeza, kuna mtu atasimama akwambie huyo samaki kakunjika mkia kwa sababu alikaa juani, na wewe ulikuwa unatafuta tatizo kwenye msimbo wa programu.

Kabla ya siku yenyewe tafuta mtu mmoja wa uvuvi, sio mkubwa sana, yule anayeshinda mwaloni na rula na daftari. Mpe picha hamsini bila majina aziandike mwenyewe, halafu mlinganishe na za modeli mkiwa mmekaa pamoja. Maswali atakayokuuliza hapo ndo utakayoulizwa ukumbini, yaandike. Ukipata jedwali lake liweke humu kwenye uzi, ntalipitia na naamini kuna wadau wa uvuvi humu watalipitia pia.