Asilimia 5 ya nani?

Mwezi wangu wa kwanza kwenye takwimu za homa ya ini, niliandaa jedwali lililosema homa ya ini D imewapata asilimia 5 ya watu duniani. Mkuu wangu aliizungushia ile 5 kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Ya nani?" Hakuongeza neno.

Ninyi mnaoanza, shikeni swali hilo kabla ya kanuni yoyote ya hesabu. Virusi vya D, ambavyo Mario Rizzetto alivigundua Turin, Italia, mwaka 1977, ni tegemezi: vinaazima ganda la virusi vya B ili vitoke kwenye seli moja na kuingia nyingine. Asiye na B hapati D. Kwa hiyo ile asilimia 5 ya Shirika la Afya Duniani ni ya wenye homa ya ini B sugu, yaani takriban watu milioni 12. Ukiwagawa kwa watu wote duniani, hawafiki hata robo ya asilimia 1.

Halafu mtakutana na makala zinazotaja watu milioni 60 na zaidi wenye D, mtachanganyikiwa. Msikimbilie kuchagua namba inayowapendeza. Tazameni waliopimwa walitoka wapi. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2020 ulipata asilimia 4.5 kwa wenye B katika jamii, lakini 16.4 kwa wenye B waliokuwa kliniki za ini. Si ajabu: D huharakisha kuharibika kwa ini, na ini likiuma ndipo mtu huenda kliniki. Ukihesabia mlangoni pa kliniki, utaona wagonjwa tu.

Angalieni pia kipimo. Kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda dhidi ya virusi, huonyesha mtu aliwahi kuambukizwa. RNA, yaani chembe za urithi za virusi vyenyewe, huonyesha virusi bado vimo. Mimi huziweka namba za vipimo hivyo kwenye safu mbili, hata mhariri akinuna.

Wastani wa dunia nao hufunika mengi. Mongolia, zaidi ya nusu ya wenye B wana D. Moldova, Afrika Magharibi na Afrika ya Kati pia ziko juu, na kila mahali wanaojidunga dawa za kulevya wamo hatarini zaidi.

Na nchi isiyopima D? Niliwahi kuijazia 0. Kalamu nyekundu ikarudi. Siku hizi kisanduku hicho nakiandika "haijapimwa".