Eti Sauti ya Mtu Mweusi? Waimbaji Wenzangu, Msikubali

Binti mmoja wa hapa Dodoma ameniandikia kwamba mwalimu wake wa kwaya kamnyima solo ya Kilatini. Sababu? Sauti zetu watu weusi ni nzito, nyimbo zile ni za Wazungu, ni maumbile tu, mwanangu. Na kwa kuwa yeye ni Mgogo, akaongezewa la juu yake: Wagogo mna ngoma zenu. Niliusoma ujumbe ule ndani ya daladala, nikapitiliza kituo kwa hasira.

Hayo maneno nayajua. Nikiwa msichana, alikuja mjini kwetu mwalimu wa muziki kutoka Ulaya kuandaa tamasha la Krismasi. Tukapanga mstari kujaribiwa. Niliimba ubeti nusu tu, akanikatiza huku anatabasamu: sauti nzuri, ya Kiafrika hasa, nenda kakae na alto. Solo akapewa binti wa Kizungu aliyekuwa akiishi hapa na wazazi wake. Noti za juu alikuwa anazikosa, na ukumbi mzima ulisikia. Nimeshasamehe. Angalau ndivyo ninavyowaambia watu.

Miaka iliyofuata haina hadithi: mazoezi, kinanda cha kuazima, majirani kulalamika. Twende moja kwa moja mwezi uliopita. Nilirekodi wimbo wa Kilatini kwenye studio ndogo pale Area D, kijana wa studio akaurusha kwenye grupu lake la WhatsApp bila jina. Swali la kwanza: "Huyu mama wa Kizungu mmemtoa wapi?" Mwingine akaapa kuwa ni Mtaliano. Mtaliano wa Bahi, aliyekuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda! Mazungumzo yale ninayo kwenye simu, na nimeshawaonyesha watu wengi kuliko inavyopasa.

Lakini tuwe wakweli: yule mwalimu wa Ulaya na hawa vijana wa grupu wamefanya jambo lilelile. Wamesikia mafunzo, wakadhani wamesikia ngozi. Urefu na unene wa nyuzi za sauti hutofautiana mtu na mtu. Za wanaume kwa kawaida ni ndefu zaidi, ndiyo maana besi ziko kwao. Umbo la kinywa nalo lina kazi yake. Ila ndani ya kabila moja, hata ndani ya nyumba moja, utakuta soprano na alto wamezaliwa tumbo moja.

Bibi yangu alikuwa anapiga muheme, ngoma imebanwa mapajani, na anaimba juu ya mlio wake. Taya limefunguka, sauti inatokea mbele, kali, haitikisiki hata kidogo. Ukiimbia uwanjani, upepo wa Dodoma unavuma na wanawake wenzako wanatwanga ngoma, sauti ya kunong'onezea kanisani itakusaidia nini? Halafu Wagogo wana noti ambayo kwenye kinanda huipati. Imekaa katikati ya vidude viwili. Mimi niliinyonya kwa bibi. Mgeni akiisikia anasema umetoka nje ya ufunguo.

Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alishuka hadi kwenye mkoromo mzito, akapanda hadi sauti nyembamba ya juu, kwa koo moja. Hiyo ndiyo "sauti ya Mgogo"? Ipi kati ya hizo?

Na Freddie Mercury je, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza? Kazaliwa Unguja mwaka 1946, Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi wenye asili ya India. Mpigie wimbo wake mtu asiyemjua, umuulize mwimbaji ni wa wapi. Hakuna atakayetaja Zanzibar. Marekani nako, Charley Pride, mtu mweusi wa Mississippi, alipoanza kutoa nyimbo za kantri mwaka 1966, kampuni yake ilizipeleka redioni bila picha yake. Watu wakazipenda. Walipomwona jukwaani ndipo wakapigwa na butwaa. Sikio halikuwa limewaambia lolote.

Basi fanya hivi, dada yangu. Jirekodi kwa simu kila siku, usikilize irabu zako. Kilatini kinataka "a" na "o" zilizo wazi, na sisi Waswahili tunazo tayari; Mwingereza ndiye mwenye kazi hapo. Pumzi ishuke chini, mabega yatulie. Msikilize unayemwiga bila kutazama video. Jirekodi. Na sauti ya bibi yako usiiache, kwa sababu siku utakayoitiwa Chamwino kuimba Kigogo utaitaka. Mimi nina zote mbili, na nabadilisha kama khanga.

Walimu wa kwaya, sasa nawageukia ninyi, maana tatizo liko kwenu. Okestra nyingi za Marekani tangu miaka ya 1970 zilianza kuwajaribu wapigaji nyuma ya pazia, wasionekane sura. Pazia ni kitu gani? Khanga mbili na kamba. Kabla ya kugawa solo za Pasaka, wafungieni watoto pazia, wapeni namba badala ya majina, na mwandike alama kabla hamjachungulia. Na mkiona nimetia chumvi, niiteni. Nitakuja kuimba nyuma ya pazia hilo hilo, mniambie natokea wapi.