Mwanahabari Apige Kura, Lakini Asiisimulie

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, vijana wanaojiunga na chumba chetu cha habari huniuliza iwapo ni sawa mwanahabari anayeripoti siasa apige kura. Baadhi yao wamesikia vyuoni habari za Leonard Downie, aliyekuwa mhariri mtendaji wa gazeti la Washington Post la Marekani kuanzia mwaka 1991 hadi 2008, ambaye aliacha kabisa kupiga kura na hata akajizuia kuamua moyoni ni mgombea yupi aliye bora. Namheshimu kwa msimamo huo, kwa sababu aliitoza nafsi yake mwenyewe gharama aliyoamini kwamba kazi inaidai. Hata hivyo, ushauri wangu kwa vijana hao haujabadilika kwa muda mrefu: pigeni kura, na mkishaipiga msimwambie mtu.

Sababu ya kwanza inatokana na nchi tunamofanyia kazi. Anayesusia kura ili asionekane kuegemea upande anatarajia kwamba wasomaji watamhukumu kwa alichofanya au alichokataa kufanya, ilhali hapa kwetu msomaji hangojei ufanye lolote. Anapoliona jina lako la pili, ambalo hulichukua kuwa alama ya kabila lako, chini ya kichwa cha habari, huwa tayari amekwisha kukupigia kura kwa niaba yako, amekuweka katika ngome fulani, na amejua, au anadhani amejua, ulimchagua nani. Nimewahi kuandika habari kuhusu mikutano miwili ya kampeni katika wiki moja, mmoja wa kila upande, na nikapokea matusi kutoka pande zote mbili yaliyojengwa juu ya jina langu peke yake. Hakuna hata mmoja kati ya walionitukana aliyeuliza kama nimejiandikisha kuwa mpiga kura. Kubaki nyumbani siku ya uchaguzi kusingeniondolea tuhuma hiyo. Kungeninyima tu haki ambayo Kifungu cha 38 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia mtu mzima, pamoja na usiri wa kura hiyo.

Sababu ya pili niliiona waziwazi mwaka 2017. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais wa Agosti 8 mnamo Septemba 1, na uchaguzi wa marudio ukafanyika Oktoba 26, baada ya Raila Odinga kujiondoa na kuwataka wafuasi wake wasishiriki. Idadi ya waliojitokeza ilishuka hadi chini ya asilimia 40, na katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori uchaguzi haukufanyika. Siku hiyo wino kwenye kidole uligeuka kuwa tangazo la kisiasa, na kidole kisicho na wino kikawa tangazo pia. Wanahabari waliokwenda kazini wakiwa wamepiga kura walificha mikono mifukoni katika baadhi ya mitaa, na wale ambao hawakupiga walitazamwa kwa jicho la shaka katika mitaa mingine. Mimi mwenyewe sitasema nilikuwa kundi lipi. Kwa hiyo mtu anaponieleza kwamba kutopiga kura ndiko kutoegemea upande, humkumbusha siku hiyo, ambapo kususia kulikuwa ndio msimamo wa upande mmoja.

Iko njia ya katikati ambayo mwenzangu mmoja huifuata, nami huifikiria kila mara bila kuikubali wala kuikataa. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Mwenzangu huyo huripoti masuala ya kaunti, na karatasi ya gavana huitumbukiza katika debe lake bila alama yoyote. Anasema humsaidia kulala usingizi. Huenda ni kweli, ingawa nadhani kumchunguza gavana vizuri kwa miaka mitano kunampa sababu nzuri zaidi ya kuwa na maoni kuliko aliyo nayo mpiga kura wa kawaida.

Mambo ninayoyakataa bila kusita ni yale yanayoiacha kura nje ya usiri wake. La kwanza ni mchujo wa vyama. Ukishiriki mchujo wa chama unaowahusu wanachama, uanachama wako unabaki katika daftari, na daftari linaweza kusomwa. Gazeti la New York Times, ambalo huwaruhusu waandishi wake kupiga kura, linawakataza kufanya jambo lolote la kisiasa linaloweza kuzua maswali kuhusu kutopendelea kwao, na mstari huo naona umechorwa panapofaa. Hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua, walipoangalia rekodi za Msajili wa Vyama vya Kisiasa mtandaoni, kwamba walikuwa wameandikishwa katika vyama bila ridhaa yao. Angalia rekodi yako mapema, na kama umo, jiuzulu kwa maandishi na uhifadhi nakala, kwa sababu mwanasiasa utakayemkasirisha ataitafuta kabla yako.

Mengine ni ya kila siku: kupanda helikopta ya mwaniaji bila ofisi yako kulipia nafasi hiyo, kupokea bahasha inayoitwa nauli, kusimamia kundi la WhatsApp la wafuasi wa mtu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilitaja vituo vya redio vya lugha za mama miongoni mwa njia zilizotumika kueneza chuki. Madhara hayo yalipitia kwenye maikrofoni, wala hayakutoka katika kisanduku cha kura cha mtangazaji yeyote.

Walio wagumu zaidi kunyimwa jibu ni jamaa. Mjomba anapokuuliza mbele ya watu ulimpa nani, kigugumizi chako huhesabiwa kuwa jibu, na jibu la uongo la kumfurahisha litafika sokoni kabla ya jioni. Mimi huwaambia kwamba masharti ya kazi hayaniruhusu kusema, na kwa kuwa huwaambia hivyo katika kila uchaguzi, bila kujali nani ameshinda, wamezoea na wameacha kuuliza. Ukimjibu mmoja mara moja, hata kwa mzaha, kunyamaza kwako baadaye kutatafsiriwa.

Siku yenyewe, vua kitambulisho cha uanahabari na koti lenye nembo ya kituo chako kabla ya kujiunga na foleni. Usikitumie kitambulisho hicho kupita mbele ya akina mama waliofika alfajiri, na usipige picha karatasi yako, hata ya kujiwekea. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na anayefika mapema hupiga kura na kuwahi kazini.

Kikwazo kikubwa zaidi, ambacho wanafunzi wa uanahabari hawafundishwi, ni kwamba Mkenya hupiga kura katika kituo alichojiandikisha na si kwingineko. Ukijiandikisha Nakuru na mhariri akakutuma Garissa, mjadala wote huu unakuwa wa bure. Uchaguzi ujao umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Zungumza na mhariri wako mapema kuhusu utakakopangiwa, na kama unahitaji kuhamisha usajili wako, nenda katika ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneo bunge kabla ya daftari kufungwa.